Mnaoniuliza kuhusu zile picha za Hamburg

Wiki iliyopita mpwa wangu aliandika kwenye grupu la ukoo: "Mjomba, kwa picha zile unazotuma, kweli una haki ya kusema huna?" Vidole gumba vikamiminika, hadi cha shangazi, ambaye tangu anunuliwe ile simu hajawahi kubonyeza kitu zaidi ya kupokea. Chini yake mpwa akaongeza jingine, na hilo ndilo lililoninyima usingizi: kuna ajenti Dar anataka milioni nane ampeleke Ulaya, na kile kipande cha shamba letu cha Pongwe kinaweza kuuzwa ili hela ipatikane.

Najibu kwa maandishi kwa sababu nikituma sauti mnasikiliza mwanzo tu. Na nitajibu kwa picha zilezile mlizonazo kwenye simu zenu. Hakuna ya uongo hata moja. Ila kila picha ina saa yake, na saa hizo nilizichagua mimi.

Ya gari jeusi: gari si langu, nililikuta limeegeshwa. Ya jumba lenye paa la vioo kama mawimbi: shemeji aliuliza kama ndiyo ofisi yetu. Hapana shemeji, hilo ni jumba la muziki, Elbphilharmonie, lilifunguliwa 2017, na mimi hupita nje yake.

Ile ya samaki inastahili maelezo zaidi. Hamburg, huku Ujerumani, kuna soko la samaki kandokando ya mto Elbe, lipo tangu 1703, na ni la Jumapili asubuhi peke yake. Wakati wa baridi linafunguliwa saa moja na kufungwa saa tatu na nusu. Wauzaji wanasimama juu ya magari yao wanapiga kelele na kutaniana na wateja, na mtu aliyekulia Tanga akisikia zile kelele anahisi yuko Deep Sea majahazi yakishusha, bila kuelewa neno. Sasa itazameni picha tena. Koti limefungwa hadi kidevuni, mkononi nimening'iniza vibua wawili, nyuma yangu kuna meli kubwa. Nyinyi mliona meli. Mimi nikiitazama naona macho yangu, mekundu, yamevimba chini. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, iliyoanza saa nne na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Ningeweza kwenda kulala, lakini sokoni ukisubiri wakikaribia kufunga bei inaporomoka, maana hakuna anayetaka kurudi na mzigo. Kwa hiyo nikakaa na kikombe cha kahawa, nikisinzia na kuzinduka, hadi saa tatu ikapita.

Vibua wale niliwapika wa kupaka, kwa tui la kopo. Ninaishi chumba kimoja katika nyumba tunayokaa watu wanne, jiko tunapokezana, na mmoja wetu harufu ya samaki inamkera, hivyo nilipika dirisha likiwa wazi na nje baridi ya nyuzi mbili. Picha ya sahani nayo niliituma. Bi Mkubwa akajibu, "Mwanangu anakula vizuri." Ni kweli, nilikula vizuri mno. Nikalala, na nilipoamka jua lilikuwa limeshazama.

Hilo la jua msidhani natia chumvi. Desemba hapa linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi alasiri limeshaondoka. Anayefanya kazi ndani ya ghala anaweza kumaliza juma zima bila kuliona. Daktari aliniandikia vidonge vya vitamini D, yaani ninanunua duka la dawa kitu ambacho nyinyi mnakipata bure Raskazone mkienda kuogelea. Juni mambo yanageuka: jua linazama karibu saa nne usiku. Wazee wa msikitini kwetu waliofunga miaka ile Ramadhani ilipoangukia Juni wanasimulia hadi leo, nami nawasikiliza kwa heshima zote.

Kwa hiyo picha ya theluji, ambayo watoto wameiweka kwenye simu zao, ilipigwa kituo cha basi. Basi lilikuwa limechelewa. Ile tabasamu ni baridi, midomo ilikuwa haifungi sawasawa.

Na ya Iddi? Kanzu nyeupe, kofia ya mkono niliyoletewa kutoka nyumbani, nimesimama jukwaa la treni kama bwana harusi. Ndani ya kanzu kulikuwa na suruali mbili. Mkobani kulikuwa na viatu vya kazi vyenye chuma mbele, kwa sababu Iddi hapa si sikukuu ya serikali; tuliswali mapema, tukakumbatiana na Waturuki na Waafghani, kisha kila mtu akakimbilia kwake. Mlipokuwa mnapeana pilau nyumba kwa nyumba pale Ngamiani, mimi nilikuwa nashusha mzigo.

Tuje kwenye kazi basi. Bongo mtu akiishi Ulaya mnamwita mbeba boksi, kwa utani. Kwangu si utani, ndiyo kazi yenyewe. Unapewa kifaa cha kusoma lebo, kinakuambia nenda safu fulani, rafu fulani, toa boksi, weka kwenye toroli, nenda jingine. Kifaa hicho kinajua umesimama muda gani. Bidhaa ni za kila aina, na kuna moja niliyowatumia picha yake mkacheka: nguzo iliyozungushiwa kamba ya mkonge, urefu wake unanifika kiunoni. Mkasema nimepata kazi ya kusuka kamba. Ile nguzo, jamaa zangu, ni ya paka. Paka wa Ulaya haishi uani, anaishi sebuleni, na asipopewa mahali pa kuchania kucha atararua makochi. Ndipo wakamtengenezea nguzo ya mkonge. Mkonge wenyewe mnajua ulivyofika kwetu: Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza 1893, ikapona miche 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Babu yetu alimaliza mgongo wake akiukata. Mimi namalizia wangu kuubeba, umeshakuwa nguzo ya paka. Siku ya kwanza nilipofungua boksi moja lililochanika, ile harufu ilinipanda, nikasimama pale hadi kifaa kikaanza kulia.

Mgongo nilisema kwa mzaha, lakini uliwahi kuuma kweli. Hiyo ni picha ambayo haipo kwenu. Nilikaa nyumbani wiki mbili, sikuwaambia, na hapa lazima niwe mkweli upande wa pili pia: mshahara uliingia uleule. Sheria ya hapa inamtaka mwajiri aendelee kukulipa ukiugua, hadi wiki sita. Kwa daktari nilionyesha kadi ya bima, hakuna aliyeniuliza hela ya kufungulia faili. Nikilinganisha na yale tunayoyajua, sitakaa hapa niwaambie Ulaya ni jehanamu. Kuna watu wetu wakishapata makaratasi huwa wanahubiri hivyo, huku wenyewe hawarudi.

Sasa hela. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani tangu Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa, na mimi nipo jirani kabisa na hapo. Kwa mwezi inafika yuro 2,300 hivi, kwenye karatasi. Kabla haijanifikia inakatwa kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya uzeeni ya kutunzwa. Mkononi inabaki kama 1,650. Najua tayari mmeshaigeuza kuwa pesa ya madafu, mmepata zaidi ya milioni nne, na shangazi ameshika mdomo. Shangazi, shusha mkono. Silipi kodi ya nyumba kwa madafu. Chumba ni 590. Tiketi ya mwezi ya treni na mabasi ni 63, nayo ilianza ikiwa 49 mwaka 2023. Chakula 250 nikijibana. Simu na intaneti 30. Kuna ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, na unalipa hata kama huna redio wala televisheni. Barua zao hazichoki. Tunagawana wanne. Nikituma nyumbani 300, kinachobaki ndicho cha nauli ya kuja, viatu, meno, na siku ambazo zamu zinapunguzwa. Kwa hiyo, mpwa, nikisema sina, maana yake ni kwamba kilichopo kimeshapangiwa kazi. Huna haja ya kuniamini: karatasi ya mshahara nimeipiga picha, nimemtumia mama yako. Hiyo ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote.

Kuna nyingine niliipiga nikaifuta. Hapa chupa ya plastiki ya soda ina amana ya senti 25. Unairudisha dukani, mashine inaimeza, unapewa hela. Usiku mmoja kituoni nilimwona mzee, Mjerumani, koti safi, akimulika tochi ndani ya pipa la taka na kuchomoa chupa moja moja, akizifuta kwa kitambaa kabla ya kuzitia mfukoni. Umri wa baba. Nilitaka muone kwamba na hapa wapo. Kisha nikafikiri, angekuwa baba, ningependa mtu ampige?

Na nyinyi je? Maana lawama za picha tumezipokea, sasa tugeuze kamera. Nyinyi nanyi mnanichagulia. Shangazi alilazwa, akatoka, mimi nimejua baadaye kwa jirani. Siku zilezile nilikuwa napokea picha za harusi, watu wamevaa sare, wamependeza, na mimi natuma mioyo. Mlisema hamkutaka kunitia presha. Nami sikusema habari za mgongo kwa sababu hiyohiyo. Tuko sawa, basi tuache.

Lakini la nyumba siliachi. Fundi alikuwa akinitumia picha za tofali kila nikituma hela. Za mara ya kwanza zimepangwa, nikafurahi. Mara ya pili tena tofali, nyingi, nikatuma nyingine. Mara ya tatu nikiwa kwenye treni nikakuza picha kwa vidole viwili, nikaona pembeni ya rundo ndoo ya bluu iliyopasuka mdomo. Nikarudi kwenye picha za mwanzo: ndoo ileile, mpasuko uleule, ila ilikuwa imesimama kushoto. Lilikuwa rundo moja, linapigwa pande tofauti. Makubwa! Nimezunguka rafu usiku kucha kununua tofali zilezile mara tatu. Simtaji, mnamjua, na kaka ameshalishughulikia. Tangu hapo naomba video, mtu atembee kuzunguka kiwanja chote bila kukata.

Mpwa, turudi kwenye shamba la Pongwe. Lisiuzwe. Mimi nilifika kwa mlango wa ndoa, na ndoa hiyo mnaijua ilivyoisha, kwa hiyo usiniige. Kazi kama yangu haimpatii mtu viza akiwa Tanga. Ajenti anayekuahidi kazi ya ghala Ujerumani kwa milioni nane anakuuzia ile picha yangu ya meli. Ada ya viza ya muda mrefu ubalozini ni yuro 75. Ukitaka kuja kusoma chuo, wanataka kuona akaunti iliyofungwa, yaani unaruhusiwa kuchota kiasi kidogo tu kila mwezi, yenye yuro 11,904 za mwaka mmoja, na shamba lile halifiki huko hata ukiuza na minazi. Mlango unaokufaa wewe, uliyepita VETA na mikono yako ikaonekana, ni mafunzo ya kazi wanayoyaita Ausbildung. Uuguzi, ufundi umeme, upishi. Mengi ni miaka mitatu, na unalipwa ukiwa mwanafunzi. Kwenye uuguzi ni zaidi ya yuro elfu moja kwa mwezi kabla ya makato. Wanachokidai ni lugha, Kijerumani cha kiwango cha kati wanachokiita B1, na kwa uuguzi mara nyingi B2, hatua moja juu yake. Kijerumani kinafundishwa Goethe-Institut, Dar. Ni kigumu, kitakutoa jasho, kuna maneno marefu kama treni ya mizigo, lakini hakihitaji kuuza ardhi ya mtu.

Ukifika hapa utabeba wagonjwa badala ya maboksi, utachoka, utaikosa Iddi, na utapiga picha nzuri kandokando ya Elbe kama mimi. Sikukatazi hata kidogo.

Ada ya darasa la kwanza la Kijerumani nitalipa mimi, nimeshaitenga kwenye ile 1,650, ndiyo maana mwezi huu msiniombe mchango wa kitu kingine. Ukimaliza hatua ya kwanza nitumie picha ya cheti. Mbele na nyuma. Ndipo tuzungumze ya pili.