Kuvuta boti nzito huku pikapu imebeba kibanda cha kulala

Ndugu, umeuliza kama injini yako itaweza kuvuta kilo 2,500 za boti na trela. Mimi naihofia zaidi ekseli ya nyuma. Kibanda tayari kimeikalia, na trela itaongeza mzigo pale pale: takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 250, itakandamiza ndoano ya kuvutia iliyo nyuma ya gari.

Anza na mizani ya magari, kila kitu kikiwa kimejaa: watu, maji, hata mafuta ya boti (lita 200 za petroli ni takriban kilo 150, na wengi huzisahau). Linganisha uzito wa kila ekseli na kikomo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na jumla ya gari na trela na kikomo cha kwenye kitabu cha gari. Kimoja kikizidi, punguza mzigo. Springi za kuongezea huinua gari tu, hazipandishi kikomo.

Kuhusu kurefusha mkono wa ndoano (chuma kinachoishikilia) kwa sababu kibanda kimetokeza nyuma: kadiri unavyorefuka ndivyo uwezo wake unavyopungua, na trela huyumbisha gari kirahisi zaidi. Tafadhali usiuchomelee mwenyewe. Nunua uliopitishwa kwa uzito huo, ufungwe na fundi wa ndoano.

Trela iwe na breki zake. Ikianza kuyumba, achia mafuta taratibu, shikilia usukani bila kuukatakata, usikanyage breki ghafla. Kama breki za trela ni za umeme, zitumie hizo peke yake, bila breki za gari. Ukishasimama, angalia uzito unaokandamiza ndoano: ukiwa mdogo, sogeza boti mbele kwenye trela.