Barua kwa mwanangu: karatasi kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kama dalali wa mahakama, yule anayetumwa na mahakama kukamata mali za wadaiwa, akija kwako kwa lile deni la rafiki yako ulilolidhamini, una haki ya kutomfungulia mlango. Nitafika kwenye mlango. Kwanza ni karatasi. Wewe na marehemu baba yako ugonjwa wenu mmoja: mtu akija na sauti kubwa, mnadhani ana haki.

Siku ile walipochukua cherehani yangu ulikuwa shuleni, kwa hiyo kisa unachokijua ni cha baba yako, na yeye alikisimulia kwa maneno machache mno. Walikuja mchana na pikapu. Baba yako akafungua, akasogea pembeni, akasimama kama mgeni. Wakabeba redio, wakabeba viti, kisha kijana mmoja akaishika cherehani ikiwa na gauni la mteja chini ya sindano. Nikamwambia hiyo ni yangu. Akacheka. Kicheko kile nakisikia hadi leo. Aliyeomba karatasi ni yule jirani mstaafu wa miwani mliyekuwa mkimwogopa. Akaisoma polepole mpaka mwisho, wao wakisubiri na mizigo mabegani. Jina lilikuwa la baba yako peke yake.

Wakaondoka na cherehani hivyo hivyo. Lakini mali ya mtu mwingine ikikamatwa kwa deni la mdaiwa, mwenyewe anaruhusiwa kupeleka pingamizi mahakamani, ichunguzwe ni ya nani. Nikapeleka. Na hata deni lingekuwa langu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya hapa Tanzania, Sura ya 33, inakataza kukamata zana za kazi za fundi. Inakataza pia nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, hata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Uliyoiweka rehani mwenyewe ni habari nyingine.

Cherehani ilirudi. Kijana yule yule ndiye aliyeibeba mpaka ndani. Nikamwambia asogeze kidogo kushoto, halafu kidogo kulia, halafu airudishe pale pale. Ilikuwa imekaa vizuri tangu mwanzo.

Wakati mwingine najiambia baba yako alinyamaza kwa aibu, maana deni lilikuwepo na saini ilikuwa yake. Sawa. Lakini aibu ya mdaiwa si hati ya kukamata mali. Karatasi kwanza: iwe imetoka mahakamani, ina muhuri, namba ya shauri, jina la mdaiwa na kiasi kinachodaiwa. Aliyeileta naye akuonyeshe kitambulisho cha udalali wa mahakama. Wale vijana wa mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba ya kuumiza, wanaokuja na kirikuu na fomu uliyosaini siku ya kukopa, hiyo fomu si amri ya mahakama. Ila isome, kama uliandika mwenyewe kwamba televisheni ni dhamana, usije ukasema mama alikwambia iko salama.

Haya, mlango. Jua likishazama mpaka lichomoze, haruhusiwi kuingia nyumba ya kuishi kukamata mali. Mchana, akiwa na hati halali na wewe mdaiwa ndiye unayeishi humo, ukimzuia unampa sababu ya kuvunja mlango wa nje. Mimi ningefungua. Hapana, ningeisoma hati kibarazani, nimwite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, ndipo nifungue. Kila kinachotoka kiandikwe na hali yake, ubaki na nakala. Usimpe mtu hela bila risiti.

Kuna jambo hukuliandika: uliwahi kupata wito wa hiyo kesi? Kama hukumu ilitolewa bila wewe kuitwa, nenda mahakamani haraka uombe iondolewe. Kama uliitwa ukanyamaza, omba kulipa kwa awamu kabla pikapu haijafika.

Kuhusu kumdhamini, sisemi. Umeshakuwa mtu mzima. Nilimuuliza mkeo kama alijua, akabadilisha mazungumzo, nami sikuendelea. Baba yako naye alidhamini kwa moyo mweupe, na yule aliyedhaminiwa alikuja msibani akalia kuliko sisi wafiwa. Mtu kama huyo utamwitaje? Ngoja, nimesema sisemi.

Mwambie mkeo atafute risiti ya friji, kama aliinunua yeye kwa jina lake. Na ile karatasi waliyoichomeka mlangoni, unayosema hukuisoma yote, nipigie picha leo, mbele na nyuma, unitumie.

Mama yako