Ile mashine ya mbao katikati ya filamu ni ya nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mdogo wangu anasoma sanaa chuoni, kanitumia klipu ya kazi ya William Kentridge wa Afrika Kusini inaitwa The Refusal of Time, kuta zinawaka filamu halafu katikati ya chumba kuna lidude la mbao linapanda na kushuka. Mi naona filamu zingetosha, hilo lidude la nini? Na michoro yake mbona ina uchafu uchafu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yetu. Tuanze na huo uchafu. Kentridge, mzaliwa wa Johannesburg 1955, hachukui karatasi mpya kwa kila picha kama katuni za kawaida, anachora kwa mkaa, anaenda kwenye kamera anapiga fremu moja au mbili, anarudi kwenye karatasi ileile anafuta mkono wa mtu anauchora tena umesogea kidogo, anapiga tena, na mkaa huwa haufutiki wote kwa hiyo mkono wa mwanzo unabaki kivuli cha kijivu nyuma ya mpya. Kwangu mimi huo ndo utamu wenyewe, hatua zote zilizopita bado unaziona. Ila humu sio michoro tu, kuna na watu waliorekodiwa studio, akiwemo mcheza dansi Dada Masilo.

Sasa lidude. Kazi ilioneshwa 2012 kwenye maonesho ya documenta, Kassel, Ujerumani, ndani ya jengo la stesheni ya treni, na Kentridge aliiandaa na mwanahistoria wa sayansi Peter Galison, mtunzi wa muziki Philip Miller na Catherine Meyburgh upande wa video. Hoja yao: nani alipanga saa za dunia? Paris ya miaka ya 1880 ilikuwa na saa za mitaani zinazoendeshwa kwa hewa, mtambo mmoja unasukuma hewa kwenye mabomba chini ya barabara kila dakika na mishale inaruka mji mzima. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali wakakutana Washington wakaamua saa zihesabiwe kutoka Greenwich, Uingereza, na Afrika nzima ilikuwepo Liberia peke yake!

Ndo maana lile lidude linapumua, ni ile pampu ya hewa, ni mapafu ya kazi nzima. Filamu zinarushwa na projekta tano, dakika 30, sauti inatoka kwenye vipaza sauti vya chuma vilivyosimamishwa huku na huku, hakuna mbele wala nyuma, ukiangalia ukuta huu wa kule umekupita, na muda wote mbao zinaenda palepale ulipokaa. Ukiitoa inabaki video ya kuangalia na kuondoka. Kwenye simu hilo hulipati, sikulaumu hata kidogo.

Kazi hiyo inamilikiwa kwa pamoja na makumbusho ya Metropolitan ya New York na SFMOMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco, mdogo wako akibahatika kufika ikiwa imefunguliwa akae karibu kabisa na mashine, asisimame mlangoni.