Kabla Hujamlipa Fundi, Nisikilize Kidogo

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Fundi wake keshapokea zaidi ya nusu ya fedha, ukuta umefika usawa wa madirisha, na simu sasa inaita bila kupokelewa. Nilipousoma ujumbe ule damu ilinichemka, maana yamenikuta.

Fundi wangu wa kwanza alikuwa bingwa wa maneno. Alitembea kiwanjani akinionyesha sebule kwa mkono, hapa makochi, hapa televisheni, na nyasi bado zinatufika magotini. Kila mwisho wa wiki alikuja na dharura: mtoto anaumwa, vibarua wanadai, simenti imepanda. Msingi ulipokwisha, fedha ya kuta ilikuwa imekwishaliwa. Asubuhi moja hakutokea, na hakutokea tena. Alituachia karai moja lililotoboka. Hata leo nikisikia mtu anacheka kama yeye, nageuka kumtazama.

Wa pili alikuwa mkimya mpaka nikamtilia shaka. Kabla ya kutaja bei aliomba ramani, akaenda nayo nyumbani, akarudi na daftari. Aliigawa kazi: msingi, kuta hadi lenta (ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha), paa, plasta, umaliziaji. Kila hatua ilikuwa na malipo yake ya ufundi, na aliandika hatua hiyo itahesabika imekwisha ikiwaje. Tukasaini wote wawili. Mimi nilinunua vifaa na kutunza risiti. Yeye alilipwa nikishakagua. Sehemu ndogo ya malipo tulikubaliana ibaki kwangu hadi mvua ipige paa. Hakununa hata kidogo. Anayejiamini haogopi mvua, nyie!

Kwenye zege ndipo nilipomheshimu. Vibarua hupenda kuongeza maji ili limwagike kwa urahisi, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu ya zege hushuka. Alikuwa akilirudisha karai zima bila kupandisha sauti. Akatuamuru tulimwagilie maji kwa siku 7 bila kukosa, akaeleza kwamba wahandisi hupima nguvu yake kamili siku ya 28. Mimi nilikuwa na haraka ya kuhamia na tulibishana sana. Leo sakafu yangu haina ufa, na wageni wakiisifu siwazuii.

Sasa ndugu zangu, tuambiane ukweli. Wengi wetu tunamwita fundi mwizi huku tunabadilisha ramani kila shemeji akija kutembea. Ukitaka dirisha lihame, mwambie fundi mkuu, si kibarua aliyeshika mwiko, na bei ya nyongeza iandikwe kabla tofali halijang'olewa. Lipa siku uliyoahidi. Mtu uliyemchelewesha atakwenda kwa anayelipa, na hapo huna haki ya kulalamika. Fika kazini, lakini usisimame kichwani mwake mchana kutwa. Na kabla plasta haijapigwa, piga picha za mabomba na nyaya zote, tepu ya kupimia ikionekana ukutani. Utakuja kunishukuru siku ya kutoboa ukuta kutundika kabati.

Narudi kwa msomaji wangu. Usikimbilie kumleta fundi mpya kesho. Kwanza piga picha kazi ilipofikia, hesabu matofali, nondo na simenti mbele ya shahidi, uandike. Mpe yule wa zamani taarifa ya maandishi yenye tarehe ya mwisho ya kurudi. Halafu mlipe mhandisi asiyetafuta kazi hiyo ya ujenzi akague ukuta kwa timazi, ule uzi wenye uzito unaoonyesha kama ukuta umesimama wima, kwa sababu fundi mpya karibu kila mara atakwambia ubomoe wote. Huenda ni kweli, huenda anatafuta siku za kulipwa. Wakati unasubiri jibu, funika vichwa vya kuta kwa turubai na simenti iinue juu ya mbao, isiguse ardhi.