Tairi haliyeyuki kwenye lami

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi pancha hapa Kibaigwa, jirani na soko la mahindi. Malori yanayokuja kupakia huniachia matairi yaliyokwisha, na sasa rundo limepita kimo cha banda langu. Machache nawauzia wanaochonga katambuga na wanaokata mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Nimesikia nchi nyingine wanachanganya matairi na lami. Je, nikikata vipande nikavitia kwenye pipa la lami inayochemka, nitaweza kuziba shimo la mbele ya banda? Na kwa nini barabara kuu inabonyea palepale magurudumu yanapopita?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakuomba kwanza, pipa hilo usiliwashe. Lami ya moto ikikutana na tone la maji hufura na kufurika, na ikikurukia inagandamana na ngozi. Nimeona kijana akiunguzwa hivyo mkono mzima, na sijasahau.

Halafu tairi haliyeyuki kama mshumaa. Kiwandani mpira wake ulipikwa pamoja na salfa hadi ukashikamana, haurudi tena kuwa uji. Kipande chako kitaungua nje, ndani kitabaki kilekile.

Wanachofanya wenzetu ni kulisaga. Nyuzi za chuma na za nguo zinatolewa, mpira unasagwa hadi punje ndogo kuliko milimita 2. Wewe wa Kibaigwa fikiria chenga za mahindi. Lami inapashwa hadi kama digrii 180, na katika kila kilo 100 za mchanganyiko wanaweka kilo 15 hadi 20 za mpira, wakikoroga kwa muda wa saa nzima hivi. Punje hunywa mafuta mepesi ya lami zikavimba kama maharage yaliyolowekwa, na lami inakuwa nzito, yenye kuvutika. Aliyeanzisha njia hii ni Charles McDonald, mhandisi wa jiji la Phoenix, Marekani, miaka ya 1960, akitafuta kiraka cha barabara zilizopasuka kwenye joto la jangwa. Afrika Kusini nao wanaitumia tangu miaka ya 1980.

Kukoroga ndiko kwenye kazi. Nilipokuwa fundi wa maabara kwenye kambi moja ya ujenzi wa barabara upande wa Manyoni, tulijaribu sufuria ndogo. Nilizima mota nikaenda kula. Niliporudi, mpira ulikuwa umetuama chini kama machicha ya pombe na juu imebaki lami tupu. Tulitupa yote. Ndiyo maana tangi lake lazima liwe na mapanga ya kukoroga, na lami hiyo haifai kukaa humo siku nyingi.

Kuhusu kubonyea, nikueleze kipimo nilichokipenda kuliko vyote. Unajaza lami kwenye pete ya shaba, juu yake unaweka gololi ya chuma ya gramu 3.5, unazamisha kwenye maji na kupandisha joto digrii 5 kila dakika. Gololi inaanza kuzama taratibu, lami ikining'inia chini yake kama tone la asali. Ikishuka milimita 25 unasoma kipimajoto. Lami ya kawaida, ya daraja liitwalo 60/70, huachia gololi karibu na digrii 50. Sasa jua letu la Oktoba linaweza kuupasha uso wa barabara kupita hapo, na semitrela iliyojaa inajivuta polepole kwenye mlima. Barabara itaacha kubonyea? Yenye mpira hung'ang'ania gololi hadi joto la juu zaidi. Tena ule weusi wa tairi ni kaboni, nayo husaidia lami isizeeke upesi kwa jua na kupasuka.

Ila nimechimba mashimo mengi ya uchunguzi nikakuta ubovu uko chini: udongo umelowa kwa sababu mtaro umeziba. Hapo hata mpira wa dunia nzima hausaidii. Pia mitambo yake ni ghali. Pamoja na hayo natamani sana ijaribiwe kwetu, kwenye zile sehemu malori yanapopanda polepole, maana matairi tunayo na jua tunalo.

Shimo lako, kama liko kwenye njia ya mtaa, lipeleke TARURA kupitia mwenyekiti wako. La barabara kuu ni la TANROADS. Wewe hakikisha tu maji hayatuami hapo.

Rundo lifunike kabla ya mvua za Desemba, kwani maji yaliyokaa ndani ya tairi ni kitalu cha mbu wa dengue. Usiyachome kutafuta waya. Na ya malori yaweke mbali na ya magari madogo: yana mpira mwingi zaidi wa mti, na msagaji akija ndiyo atakayoyaulizia kwanza.