Maswali Yenu: FJR1300 Inayosoma 26,000

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya kazi Dar es Salaam na kwetu ni Iringa, hivyo natafuta pikipiki ya safari ndefu. Muuzaji mmoja amenionyesha Yamaha FJR1300 ya mwaka 2014 iliyotoka Uingereza, inayosoma 26,000 tu. Anataka nitangulize nusu ya bei ili asimpe mteja mwingine. Nilipofika kuiona nilikuta ameshaiwasha. Je, nilipe? – Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, usilipe kwanza. Hiyo 26,000 inayokuvutia bila shaka ni maili, kwa kuwa pikipiki za Uingereza hupima umbali kwa maili. Kwa hesabu yetu imekwishatembea kilomita 41,800 hivi, na Yamaha huelekeza tapeti (yaani nafasi za vali) za injini hii zikaguliwe kila kilomita 40,000 hivi. Si kazi ya spana moja chini ya mwembe, kama ilivyo kwa Boxer, kwani zikiwa nje ya kipimo ni lazima kamshafti, yaani shafti zinazofungua vali, zitolewe. Muuzaji akikosa karatasi ya kuthibitisha kwamba imefanyika, gharama hiyo iondolewe katika bei.

Mwombe pia namba ya usajili iliyokuwa nayo huko. Ukiiandika katika tovuti ya serikali ya Uingereza utaona, bila malipo, kila ukaguzi iliofanyiwa pamoja na umbali uliosomwa siku hiyo. Namba zikirudi nyuma, ondoka.

Injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Rudi siku nyingine bila kutoa taarifa, uiguse injini uhakikishe ni ya baridi, kisha iwashwe mbele yako, nawe usikilize kama kuna mchakacho wa cheni ya taimingi usiokoma. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne: 1419 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2019, na tairi la umri huo, hata kama kashata zake bado ni nzima, halifai kwa mwendo wa pikipiki hii. Jaribu pia kuisukuma kinyumenyume, kwani ina kilo zipatazo 290. (Mwendo wenyewe, kwa vibao vya 50 na tochi za trafiki, hutaufaidi sana.)

Ukiridhika, andikianeni mkataba na udai risiti ya EFD kwa kila shilingi utakayotoa. Kadi ikiwa na jina la mtu mwingine, mwenye jina awepo siku ya kutia saini.