Mtafiti Anatafuta Nini Katika Mji Wetu Mdogo?

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mjane. Ninaishi Kipushi, mji wa mgodi wa Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), tangu nilipoolewa, na marehemu mume wangu alifanya kazi mgodini hadi uzalishaji uliposimama mwaka 1993. Juzi kijana wa chuo kikuu alibisha hodi, akasema yeye ni mwanaanthropolojia anayechunguza jinsi miji midogo inavyobadilika. Nilidhani ataniuliza habari za mgodi, maana umeanza kazi tena mwaka 2024. Badala yake aliniuliza shamba langu nililipataje, nani alileta chakula kwenye kilio cha mume wangu, na kama watoto wetu wangepokewa kijijini kwa baba yao. Maswali hayo yanahusu mji kwa vipi?

JIBU: Mama, kijana huyo hakukosea njia. Anayetaka kujua idadi ya nyumba au ya wakazi huenda kwenye ofisi za utawala. Mwanaanthropolojia hutafuta jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi popote, yaani nani anamtegemea nani, na kwa haki gani. Katika miji yetu ya migodi, jambo hilo limegeuka kuliko hata barabara na majengo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière, iliyomiliki migodi ya Katanga wakati wa ukoloni wa Wabelgiji na iliyokuwa ikipoteza watu kila mikataba mifupi ilipokwisha, ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao kwa mikataba mirefu. Nyumba, posho, matibabu na shule vikatoka kwa mwajiri, na shirika la serikali lililorithi migodi hiyo mwaka 1967, ambalo baadaye lilijulikana kama Gécamines, likaendeleza desturi hiyo. Mama wa kambini hakuwa na sababu kubwa ya kumjua mwenye ardhi. Lakini uzalishaji ulipoanguka katika miaka ya 1990, na baadaye wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondolewa katika miaka ya 2003 na 2004 kwa mpango ulioitwa wa hiari (hiari ya mtu ambaye mishahara yake imelimbikizwa miezi mingi ina walakini), familia nyingi zilishika jembe. Sasa, shamba haliokotwi: huombwa kwa chifu, hukodishwa, au hupatikana kwa kushikwa mkono na jirani wa kanisani. Ukieleza ulivyopata lako, mtafiti anajua ni mlango gani ulioubisha wakati posho ilipokoma.

Kilio nacho ni hivyo hivyo. Kumbuka lile daftari la michango, ambalo kijana mmoja wa ukoo hukaa nalo akiandika jina la kila anayeingia na alicholeta: gunia la unga, mkaa, bahasha. Mtu akilipitia mstari kwa mstari ataona kama waliokubeba ni ndugu wa damu, wenzako wa likelemba (upatu), waumini wenzako, au watu walioshuka mgodini pamoja na marehemu.

Swali la kijijini ndilo zito. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, wataalamu wamechunguza miji ya migodi tangu miaka ya 1930. Mwanaanthropolojia Godfrey Wilson, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, kituo cha utafiti wa jamii, alikwenda Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, akafuatilia hata nguo ambazo wachimbaji walinunua, kwa kuwa sehemu kubwa ya mshahara iliishia humo, na nguo hizo zilifika mpaka kwa jamaa vijijini zikiwa zawadi. Wengi waliomfuata waliamini kwamba mtu akishahamia mjini, hatua kwa hatua atakuwa wa mjini moja kwa moja. James Ferguson, Mmarekani aliyefanya utafiti Kitwe katikati ya miaka ya 1980, wakati shaba ilikuwa imeporomoka bei, alikuta wastaafu wakilazimika kurudi vijijini, na mapokezi yao yakitegemea jinsi walivyoishi na jamaa zao kwa miaka mingi: lugha waliyotumia, mavazi yao, zawadi walizotuma, ziara walizofanya au kuziacha. Aliyewadharau ndugu zake alirudi kwa hofu, hata ya kulogwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo utafiti wa namna hii unapowazidi wapangaji wa miji, ambao huichukulia Kipushi kama kitongoji cha Lubumbashi kilichochelewa kukua. Udhaifu wake pia upo. Mtafiti aliyekaa na kaya chache hawezi kutuambia ni wajane wangapi wamekosa shamba. Kwa hilo lazima watu wahesabiwe.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Likasi. Mtafiti akija kwangu, ninaruhusiwa kukataa?

JIBU: Unaruhusiwa, ndugu yangu, hata katikati ya mazungumzo, na anapaswa kukueleza hivyo kabla hajauliza lolote. Ukikubali, usitosheke akikuahidi kubadilisha jina lako. Katika mji mdogo, ukiandikwa kuwa fundi cherehani mwenye mguu mmoja anayefanya kazi karibu na kituo cha treni, kila mtu amekujua. Mwombe abadilishe pia kazi na mtaa, na akusomee alichoandika kukuhusu kabla hakijachapishwa.